Viatu vya Zena na Mkeka wa Maulidi

Aibu yangu mimi naijua inapokaa. Inakaa pale mbele ya msikiti wetu wa Shinyanga, upande wa kulia ukiwa unautazama mlango, na mpaka leo nikipita hapo huwa nashikwa na kikohozi cha ghafla ili nipate sababu ya kuinamisha uso. Nimezeeka, meno yamepungua, na wengi walioniona siku ile wameshatangulia mbele ya haki, lakini wapo vijana ambao hata mimba zao hazikuwa zimetungwa na bado wananiita Fundi Haluwa, nao hawajui jina hilo lilitoka wapi. Basi kaeni leo niwaeleze mwenyewe, maana afadhali mlisikie kwangu kuliko kwa watu wa kutia chumvi (ingawa sioni chumvi ingetiwa wapi, jambo lenyewe lilikuwa limekolea tayari).

Miaka hiyo reli ya kwenda Mwanza ilikuwa bado mpya machoni mwa watu, na kule Geita dhahabu ilikuwa imeanza kuwatia vijana wazimu, mtu anaacha ng'ombe wa baba yake zizini anakwenda kuchimba mawe. Mimi nilikuwa fundi cherehani. Mashine yangu niliiweka kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja, na kanzu za mji mzima zilipita mikononi mwangu, na nilikuwa na majivuno, ndugu zangu, nisiwafiche. Mtu akipita barabarani nilikuwa namkodolea macho tu halafu nasema, yule urefu wake huu, mabega yake haya, na mara nyingi nilipatia. Mke wangu, Mama Zena, alikuwa Msukuma wa vijijini huko aliyesilimu tulipooana, mwanamke wa maneno machache sana, na hayo machache akishayasema ujue hayarudii.

Mtoto wetu alikuwa Zena peke yake wakati huo. Alikuwa ameng'oka meno ya mbele, miguu myembamba, mikono haitulii, lakini mtoto yule alikuwa na sauti, sijui aliitoa wapi, kwa sababu mimi nikiimba hata mbuzi huondoka. Akisoma kule chuoni kwa Maalim Idi, wanawake waliobeba kuni walikuwa wanasimama barabarani na mizigo yao kichwani mpaka amalize. Mara nyingi nami nilisimamisha mashine yangu ili nimsikie kutoka ng'ambo ya pili, na sikuwahi kuzoea. Kila siku ilikuwa kama naisikia kwa mara ya kwanza, na kila siku najiuliza, huyu kweli amelala tumboni mwa mke wangu akatokea nyumbani kwangu?

Basi mwaka huo Maalim Idi akaja barazani kwangu akanieleza kwamba Maulidi ya safari hii atakuja shehe mkubwa kutoka Tabora, anakuja kwa gari moshi, na kwamba yeye Maalim ameamua Zena ndiye atakayefungua kasida mbele ya mgeni. Huyo shehe watu walikuwa wanamtaja kwa sauti ya chini. Walisema alikuwa akiingia mahali watu wanainuka wenyewe bila kuambiwa, na kwamba hakuna aliyewahi kumtazama machoni akamaliza sentensi yake. Mimi nilipiga cherehani siku ile nzima bila kuona ninachoshona (nadhani kuna mtu alipata kanzu yenye mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, na hakurudi kulalamika, Mungu amlipe).

Sasa hapo ndipo likanijia wazo la viatu. Katika mji wetu mtoto mwenye viatu alikuwa mtoto wa Mhindi au wa mzungu wa reli. Sisi wakubwa tulivaa makubadhi siku za sikukuu, watoto walikwenda pekupeku, na hakuna aliyeona kasoro. Lakini nikajiwazia Zena anakuja kwenye zafa, yale maandamano ya matari, amevaa viatu vya ngozi, anafika ukingoni mwa mkeka, anavivua, anaviacha pale vikiwa vimepangwa mbele ya macho ya kila mtu pamoja na makubadhi ya wazee, halafu anapanda kwenye mkeka kusoma. Nilikuwa nimeshauona mpaka mpangilio wenyewe, cha kulia na cha kushoto.

Kulikuwa na kijana mmoja, Masanja, mchimbaji, alikuwa anakuja Shinyanga kumwona mama yake na mimi nilimshonea suruali. Miguuni alikuwa na mabuti ambayo sijapata kuona mengine kama hayo, soli nene, misumari chini yake inang'aa kama meno. Akaniambia kule Geita yuko fundi anayewashonea wachimbaji, ngozi ya ng'ombe wa hapahapa, ukivaa kiatu chake jiwe likikuangukia linaumia lenyewe. Nikamwuliza kama huyo fundi anaweza kushona kiatu cha mtoto. Akasema fundi huyo ukimpa kipimo anashona chochote, ila yeye Masanja anaondoka leo hii na lori la mizigo, kwa hiyo kama nataka, nilete kipimo kabla lori halijajaa.

Nikakimbia nyumbani. Nikamsimamisha Zena juu ya kipande cha kitambaa cha marekani, nikachukua chaki yangu ya kushonea, nikaanza kuzungusha kwenye mguu wake. Lo, chaki ikigusa tu pembeni ya unyayo, mtoto anacheka, anakunja vidole, anaruka. Nikamkaripia, akajitahidi, akauma midomo, chaki ikafika penye kidole kidogo akaanguka chali kwa kucheka, na mstari wangu ukaenda mpaka kwenye kifundo. Tulihangaika hivyo mpaka kitambaa kikawa kimejaa chaki kama ukuta wa chuo. Halafu mtoto, kwa kuchoka na kwa joto la mchana baada ya kula, akalala palepale kwenye jamvi. Nami nikaona njia imefunguka.

Hebu nisimame kidogo hapo, kwa sababu huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo kama punje, na yote mengine yalitoka humo.

Mama Zena alikuwa anapepeta mtama mlangoni. Akanitazama nikipiga magoti miguuni pa mtoto aliyelala, akasema nimwamshe nimsimamishe, mguu ukikanyaga chini unatanuka. Nikamjibu, na maneno yangu nayakumbuka vizuri kuliko ninavyopenda:

"Mama Zena, kazi ya kupima niachie mimi."

Akarudi kwenye ungo wake.

Nikaweka kitambaa chini ya unyayo, nikaanza. Na wallahi nilisahau lori. Nilikuwa nimepima watu wengi maishani mwangu, mabega, shingo, viuno, lakini sikuwa nimewahi kukaa nikautazama mguu wa mwanangu. Ngozi ya chini ilikuwa ngumu, imepigwa na mchanga na miba, na katikati pale unyayo unapoinama ilikuwa laini kama siku aliyozaliwa. Kila kidole kilikuwa na kucha yake, ndogo, imekamilika, hata kile cha mwisho kabisa ambacho kucha yake ni kama punje ya ulezi. Nikajiuliza ni nani aliyekaa akapima hivi vyote bila kukosea, na mimi nahangaika na chaki. Nikazungusha mstari taratibu, kwa heshima, kama mtu anayenakili aya. Mguu ulikuwa umelegea, vidole vimejikunja kidogo kwa usingizi, kisigino hakikubeba uzito wowote, na mimi nikaona mstari umetoka safi, nikajisifu. Wa kushoto sikuupima. Nilisema moyoni, si umefanana na wa kulia tu. Nikakimbia na kitambaa, nikamkuta Masanja ameshapanda juu ya magunia, nikamrushia.

Viatu vilichelewa. Nilikuwa nimeshakata tamaa, mpaka siku mbili kabla ya Maulidi ndipo Masanja akateremka kwenye lori na furushi. Akasema fundi amefuata kitambaa changu sawasawa, hakuongeza wala hakupunguza, na kwamba wachimbaji walipoviona walivipitisha mkono kwa mkono taratibu, kwa sababu wengi wao wana watoto nyumbani.

Nikafungua furushi mbele ya nyumba. Ndugu zangu, yalikuwa mabuti. Mabuti ya mchimbaji kabisa, soli nene, misumari chini, tundu za gidamu, zile kamba za kufungia, zimezungushiwa shaba, isipokuwa kila kimoja kilitosha kukaa kwenye kiganja changu. Majirani wakaanza kuja. Kwanza mmoja, halafu baraza zima, na jambo la ajabu ni kwamba hakuna aliyepiga kelele. Walisimama tu. Mama mmoja mtu mzima, Msukuma aliyekuwa analeta maziwa mjini, akatusalimia mwangaluka, akaomba aguse, akafuta mikono kwenye nguo yake kwanza, akakishika kiatu kimoja akakiinamia akanusa ngozi, akakirudisha kwa mikono miwili. Akauliza kama ni kweli kitavaliwa na mtu. Zena alikuwa amekaa kizingitini, hasogei, mikono ameiweka mapajani kana kwamba akijitikisa vitapaa.

Tukajaribu kumvalisha. Viliingia, kwa kusukumana, nami nikimsukuma kisigino kama mtu anayefunga sanduku lililojaa. Mama Zena akaja akainama, akabonyeza mbele kwa kidole gumba chake, akasema hakuna nafasi hata ya unywele humu ndani. Nikamwuliza Zena kama vinambana. Akanitazama usoni. Akasema, vinanitosha, baba.

Moyoni nilijua vinabana kidogo. Lakini Masanja alikuwa ameniambia kwamba wao kule, kiatu kikibana, wanakilowesha maji halafu wanakivaa mpaka kikaukie mguuni, kinachukua umbo la mwenye nacho. (Alichosahau kuniambia, au aliniambia mimi nikiwa nimeshaacha kusikiliza, ni kwamba wao wanakaushia shimoni, kwenye baridi, wala si kwenye jua la Shinyanga.) Basi alfajiri ya Maulidi nikavitia kwenye beseni la maji, vikalowa vikalainika, nikamvalisha, vikaingia vizuri kweli, nikafunga gidamu za ngozi nazo zimelowa, nikapiga fundo la kwangu mwenyewe, fundo la fundi cherehani, lisilofunguka ovyo. Nikamtazama mke wangu kwa ushindi. Yeye alikuwa anamfunga mtoto mtandio.

Zafa ikaanza. Tulizunguka mji mzima, matari mbele, watoto wa chuo katikati, wazee nyuma, na jua lilikuwa limeamka na hasira. Zena alikuwa mstari wa mbele. Nataka mjue kwamba mji ulisimama. Wahindi walitoka madukani, makuli wa stesheni waliweka chini magunia, na kila alipokanyaga, misumari ile iliacha vidoti kwenye vumbi, nikaona watu wanainama nyuma yetu kuziangalia zile alama, wanazizunguka wasizikanyage. Nilikuwa nimevaa kanzu mpya, nyeupe, niliyojishonea kwa siku ile. Nilitembea kama mtu aliyeumba reli. Niliona Zena mwanzo alikuwa anarukaruka kidogo, halafu akaacha, halafu akaanza kutembea polepole, anaweka mguu chini kwa uangalifu mkubwa, uso umetulia, hatazami kushoto wala kulia. Nikamwambia jirani yangu, tazama mtoto anavyotembea kwa adabu.

Tukafika msikitini. Mikeka ilikuwa imetandikwa nje, mwanzo hadi mwisho, wanawake nyuma ya pazia la kanga, harufu ya udi imejaa, na shehe wa Tabora ameketi katikati na joho lake jeusi. Sikumtazama machoni. Sikuweza, waliosema walisema kweli. Watu wakavua makubadhi yao ukingoni wakapanda. Nami nikabaki nyuma kidogo na Zena, makusudi, ili kuvua kwetu kuonekane.

Nikapiga goti nikashika fundo. Lilikuwa limekauka likawa kama waya. Nikajaribu kwa kucha, nikajaribu kwa meno, nimeinama nimeweka mdomo kwenye kiatu mbele ya Waislamu wote wa Shinyanga, halikutikisika. Nikaamua kuvuta kiatu hivyohivyo na fundo lake. Ngozi ilikuwa imejikaza kama ngozi ya ngoma, nikashika kisigino nikavuta, mtoto akaja na kiatu. Nikamwambia ajishikilie kwenye nguzo, nikavuta tena, ikawa nguzo ndiyo inataka kuja. Maalim Idi akakohoa kule mbele. Wakaja wanaume wawili kunisaidia, mmoja akamshika Zena mabegani, mmoja akanishika mimi kiunoni, tukawa tunavutana mstari mmoja kama watu wanaotoa ng'ombe kwenye tope, na msomaji aliyekuwa anatanguliza Kurani kabla ya kasida akaanza kukosea.

Mtu mmoja akanipa kisu akasema nikate gidamu. Nikakataa. Nilikataa, ndugu zangu. Niliona uchungu kuvikata viatu vile vizuri, na mguu uliokuwa ndani sikuuwaza hata kidogo.

Basi kutoka nyuma ya pazia likaletwa bakuli la samli, kwamba nimimine ndani kiatu kiteleze. Nikamimina. Samli ikashuka ndani, ikashuka nje, ikashuka mikononi mwangu, nikashika kisigino kwa nguvu zangu zote nikajirusha nyuma, mikono ikateleza, kiatu kikabaki palepale kama kilivyozaliwa, na mimi nikaenda kinyumenyume, hatua moja, mbili, yule aliyenishika kiunoni akakwepa, nikaketi. Niliketi kwenye sinia la haluwa. Haluwa ya shughuli nzima, ilikuwa imetolewa motoni haijapoa sawasawa, na nilizama mpaka nikahisi shaba ya sinia. Nilijaribu kuinuka, sinia likainuka na mimi.

Hakuna aliyecheka. Hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya, kwa sababu mgeni alikuwapo, basi watu walikaza midomo, mabega yanatikisika, mzee mmoja akajifunika uso kwa shali kana kwamba ameguswa sana na dua. Na Maalim Idi, maskini, jasho linamtoka, akageuka kwa watoto akasema kwa sauti ya chini kwamba basi, aingie mtoto mwingine. Msichana mmoja akaanza kuinuka.

Nikamtazama Zena. Alikuwa amesimama peke yake ukingoni, samli inachuruzika kwenye mabuti, na sikuona chozi. Alikuwa anautazama mkeka, kama vile wewe unavyotazama mto unapotafuta pa kuvukia. Halafu akapiga magoti juu ya mkeka. Akaweka viganja chini, akainua miguu yake nyuma, yote miwili, juu, ili soli zisiguse, wala misumari, wala samli, na akaanza kutambaa.

Alitambaa katikati ya wazee wote wale. Njia ilikuwa ndefu. Wakawa wanampisha kwa kuvuta magoti yao pembeni, huyu na huyu, na yale mabuti yanapita hewani usawa wa nyuso zao, misumari inang'aa juani, na wale waliokuwa wanajizuia kucheka sikuona tena mabega yao yakitikisika. Nilisikia nguo yake inavyoburuta kwenye ukindu. Alipofika katikati akawageukia watu, akajiinua akakaa wima kwa magoti, lakini miguu bado ameiinua nyuma, mapaja yanatetemeka kwa uzito, na mtu yeyote aliweza kuona kwamba hatamaliza hata mstari mmoja kabla haijaanguka.

Shehe alikuwa nyuma yake. Kumbukeni, mtu yule tulikuwa tunaogopa hata kumtazama machoni. Akasogea mbele kidogo, akakunja mikono ya joho lake, akanyoosha viganja vyote viwili, akavipokea vile viatu. Akaviweka mikononi mwake, na soli zake, na misumari yake, na vumbi la mji mzima, na samli inayomshukia kwenye vifundo vya mikono.

"Soma, binti yangu," akasema. "Miguu nimeishika mimi."

Na Zena akasoma.

Siwezi kuwaambia alivyosoma. Nimejaribu miaka yote hii, kwa mke wangu, kwa wajukuu, na kila mara naishia hapahapa. Naweza kusema tu kwamba nilikuwa nimesimama na sinia limening'inia nyuma yangu na sikukumbuka kulibandua. Sauti ilitoka kwa yule mtoto mwembamba ikapanda juu ya matari, juu ya paa la msikiti, haikutikisika, haikuharakisha, na makuli kule stesheni walituambia baadaye kwamba waliisikia wakavua kofia bila kujua ni kwa nini. Wanaume wazima walikuwa wanafuta macho waziwazi. Muda wote huo shehe hakushusha mikono. Alikuwa amefumba macho, na viatu vya mchimbaji viko viganjani mwake kama kitu alichopewa amana.

Alipomaliza, kabla watu hawajaitikia, pazia la kanga likafunuliwa. Mama Zena akaja. Hakumtazama mtu, alipita ukingoni mwa mkeka, shehe akamwinua mtoto akampitisha kwa wanaume mkono kwa mkono mpaka akamfikia, na mke wangu akaketi naye mchangani akamwambia polepole, "Ng'wanone," yaani mwanangu, halafu akachukua kile kisu nilichokikataa. Akakata gidamu. Akapasua ngozi kuanzia juu hadi chini, kiatu cha kulia, halafu cha kushoto, na kila kimoja kilipofunguka kilitoa sauti ya kupumua.

Nikaona miguu. Ile niliyokuwa nimekaa nikaishangaa usingizini. Ilikuwa myekundu, imevimba, mishono yote ya kiatu imejichora juu yake, kisigino kimechunika, na mguu wa kushoto, ambao sikuupima, ulikuwa mkubwa kidogo kuliko wa kulia, naam, mtu yeyote angeuona kwa macho, na ndio ulioumia zaidi. Kucha ya kidole gumba ilikuwa imeanza kuwa nyeusi.

Nikapiga magoti. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia vinambana.

Akanishangaa, kama nimeuliza jambo ambalo kila mtu analijua.

"Ulikuwa umefurahi, baba."

Nikalibandua lile sinia nyuma yangu. Nikamgeuzia mgongo, akapanda, nikambeba nikaondoka. Sasa fikirini wenyewe mtu aliyebeba mtoto mgongoni amegeukia watu upande gani. Nyuma yangu kanzu nyeupe, na haluwa yote ya Maulidi chini ya miguu ya mtoto, na watoto wa mji mzima wakanifuata, na hapo sasa, tulipokuwa mbali na mgeni, kicheko kikapasuka. Kilianzia msikitini kikatusindikiza mpaka mlangoni kwetu. Hata Zena alicheka, nilimhisi akitikisika mgongoni, na mbwa wa yule Mhindi mwenye duka alinitembelea kwa karibu kuliko ninavyopenda kueleza. Mama Zena alikuja nyuma yetu bila neno. Wala baadaye hakusema. Angenisema ningepata pa kujitetea.

Shehe alirudi Tabora na gari moshi la kesho yake, na watu waliomsindikiza walisema joho lake lilikuwa bado linanukia samli. Mimi sikwenda kumsindikiza, nilikuwa na kanzu ya kufua.

Miguu ilipopona nilimchukua Zena mwenyewe tukapanda lori kwenda Geita, tukakaa juu ya magunia tumejaa vumbi mpaka kope, tukamtafuta yule fundi. Alikuwa mtu mnene, mpole, na alivyotuona aliomba radhi kwanza, maana Masanja alikuwa ameshamweleza yaliyotupata, nami nikamwambia asiombe, kitambaa kilikuwa changu. Nikamsimamisha Zena chini, miguu yote miwili, jioni, baada ya kutembea, nikatoka pale nikakaa mbali na chaki. Halafu nikamwambia mwanangu kwamba kikibana popote aseme, kikipwaya aseme, na mimi nitafurahi zaidi akisema kuliko akinyamaza. Kumbe alikuwa anangoja ruhusa tu. Alisema kisigino kiko juu, kidole gumba hakina pa kupumulia, cha kushoto kitanuliwe, misumari itolewe, gidamu zisiwe za ngozi, rangi haipendezi, na kwa nini hapa mbele kuna pua kama ya kiboko. Fundi yule alifumua na kushona, kufumua na kushona, mpaka wachimbaji wakakusanyika kumtazama mtoto anayemsumbua fundi wao, na mwisho akaniuliza kwa upole kama sikuweza kumleta akiwa amelala.

Tangu siku hiyo sijampima mtu aliyelala, na sijamwamini mtoto anaponiambia kitu kinamtosha huku ananitazama usoni. Huwa nauliza tena. Huwa nakaa chini, naacha kufurahi kidogo, nauliza tena.